Kabla ya kuipima RAM, okoa mafaili

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, aliniletea laptopu. "Fundi, inajizima yenyewe, na hesabu za wateja wangu hazifunguki tena." Niliposikia hazifunguki, sikuiwasha.

Dalili hizo mbili zilinifanya niishuku RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi zake. RAM mbovu haiishii kuzima mashine. Kila faili unalonakili hupita humo kwanza, na biti moja, yaani chembe ndogo kabisa ya data, ikigeuka njiani, nakala unayoiona salama tayari ina kasoro. Ndiyo maana nachomoa diski na kunakili kwa kompyuta nyingine iliyo nzima. Inaniuma kuona mafundi wenzangu wakikimbilia kupiga Windows upya: mfumo mzima unaandikwa kupitia RAM ileile inayokosea, na baada ya siku chache mteja anarudi.

Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, haisomeki kwingine bila ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48. Muombe mwenye mashine autafute mapema, mara nyingi upo kwenye akaunti yake ya Microsoft. Ukibadilisha mipangilio ya kuwaka kabla ya kuupata, mashine yenyewe inaweza kuudai.

Kisha usafi. Huku kwetu ziwani unyevu ni mwingi, na wadudu wa taa huingia hadi kwenye feni. Natoa chaja na betri, nabonyeza swichi sekunde kama 15 umeme uliobaki uishe, nagusa chuma, ndipo nachomoa RAM. Meno yake nayafuta kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Wakati mwingine tatizo huishia hapo.

Kwa kompyuta ya mezani iliyoongezwa kasi ya RAM, rudisha kasi ya kawaida kwanza kabla ya kupima.

Mimi hutumia MemTest86, programu ya kupima RAM, naiweka kwenye flashi tupu, maana flashi hiyo itafutwa yote. Toleo la bure huenda mizunguko 4, na kwa GB 8 ni kazi ya saa kadhaa, hivyo betri irudi mahali pake na chaja ikae. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Kosa hata moja linatosha kuikataa RAM.

Laptopu ya yule mama ilikuwa na vipande viwili vya RAM. Nilipima kimoja kimoja, cha kwanza kikapita, cha pili kikaonyesha makosa. Nikakihamishia tundu la mwenzake. Makosa yakakifuata: kibovu ni kipande, si tundu.