The Hour: njama ya kubuni ilipozidiwa na ya kweli

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya tamthilia. Mwandishi mchanga akinijia na hadithi ya ujasusi wa zamani, humtuma kwanza akatazame msimu wa kwanza wa The Hour, halafu tubishane. Ni tamthilia ya BBC ya 2011, sehemu 6, iliyoandikwa na Abi Morgan. Tuko London, 1956. Bel Rowley ni mtayarishaji wa kipindi kipya cha habari, rafiki yake Freddie Lyon ndiye ripota mkorofi, na mbele ya kamera kawekwa Hector Madden, mtanashati wa maneno matamu.

Utamu wote umo ndani ya chumba cha habari. Enzi hizo ilikuwapo kanuni ya kweli: redio na televisheni marufuku kujadili jambo litakalofika Bungeni ndani ya siku 14. Nasser, rais wa Misri, keshataifisha Mfereji wa Suez, vita vinanukia, na hawa wamezibwa midomo. Hapo bastola ya nini? Simu ya mezani ikilia tu, unakaa sawa.

Njama sasa! Mtu anauawa kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, fumbo limefichwa kwenye chemshabongo, na Freddie anahangaika na neno moja, Brightstone, mpaka mimi nikachoka kabla yake. Na ya kweli ilikuwa pale pale. Oktoba 1956, huko Sèvres karibu na Paris, Uingereza, Ufaransa na Israel walipatana kwa siri: Israel ishambulie Misri, kisha wale wawili waingie wakijidai waamuzi. Desemba, Waziri Mkuu Eden akaliambia Bunge hakujua Israel ingeshambulia. Uongo wa namna hiyo huuboreshi kwa chemshabongo.

Lugha nayo iliwakera watazamaji wengi Uingereza, kwani wahusika huteleza wakasema misemo ya juzi. Ni sawa na kumsikia mzee wa Unguja wa 1956 akijibu, "Poa, mwanangu." Na Misri yenyewe hufika kama karatasi za habari mezani tu, ilhali Radio Cairo ilishaanza kutangaza hata kwa Kiswahili tangu 1954.

Sehemu ya mwisho inarudi studio, moja kwa moja hewani, Freddie akimhoji Lord Elms, kabaila wa Kiingereza, huku kila mtu akingoja wakatiwe matangazo. Pale nilisamehe mengi. Brightstone bado.