Wamisionari vijana wa Kimormoni hawalipwi mshahara

Ukiwaona vijana wawili wenye mashati meupe na vibao vyeusi vya majina kifuani wakibisha hodi mlango kwa mlango, ni rahisi kudhani wako kazini kwa mshahara mnono wa dola. Dhana hiyo ni ya zamani, lakini si kweli.

Vijana hao wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, hujitolea: wavulana miezi 24, wasichana miezi 18. Hawapokei mshahara, na wengi wao ndio wanaochangia gharama. Kwa wanaotoka Marekani, mchango ulipanda kutoka dola 400 hadi 500 kwa mwezi kuanzia Julai 2020. Wapo walioweka akiba tangu utotoni. Wengine husaidiwa na wazazi au waumini wenzao. Tangu 1991 kiwango hakitegemei mahali unapotumwa. Zamani aliyepangiwa jiji ghali aliumia kuliko mwenzake, na kituo chenyewe hukichagui.

Nadhani dhana hii inatokana na hela wanazoonekana nazo mkononi. Hiyo ni posho ya chakula, nauli na sabuni, inayotoka kwenye mfuko wa kanisa inakowekwa michango yao. Siku ya maandalizi, mara moja kwa wiki, utawakuta wakifua yale mashati, wakinunua mahitaji, kisha wakiwapigia wazazi. Simu hizo za kila wiki zilianza kuruhusiwa Februari 2019.