Swichi ya funguo kwenye pikipiki ya zamani: yanayosemwa vijiweni na ukweli wake

Honda na Yamaha za miaka ya 1970 na 1980 bado zinapanda Newala zikiwa na gunia la korosho nyuma, na injini zake mara nyingi ni nzima. Kinachozilaza ni umeme, na umeme wenyewe huanza kuvurugika siku ile swichi ya funguo inapobadilishwa. Swichi ya dukani ina nyaya chache tu, lakini anayeunga kwa kubahatisha anaweza kuunguza CDI, kile kisanduku cha kielektroniki kinachosimamia moto wa plagi, na CDI ya pikipiki ya umri huo kuipata ni kazi. Kwa hiyo haya yanayosemwa vijiweni inafaa yaangaliwe vizuri.

“Unga rangi kwa rangi, umemaliza.”

Rangi ni utaratibu wa kiwanda, na kila kiwanda kina wake. Kwenye Honda, waya mwekundu unatoka chanya ya betri, mweusi ndio unaopata moto funguo ikiwashwa, na wa kijani ni bodi, yaani chuma cha pikipiki ambacho umeme unarudia kwenye betri. Kwenye Yamaha mwekundu nao unatoka betri, ila unaopata moto ni wa kahawia, na mweusi ndio bodi. Sasa chukua swichi yenye mpangilio wa Honda, kama zilivyo nyingi za Kichina, uunge mweusi kwa mweusi kwenye Yamaha. Ukigeuza funguo tu, umeshapiga shoti: betri imekutana na bodi. Fyuzi ikiwepo itakatika. Isipokuwepo, waya unaanza kutoa moshi chini ya tenki la petroli.

Na kama umeachiwa Triumph au BSA ya miaka ya 1960, kuwa makini zaidi. Nyingi kati ya hizo zimefungwa chanya ya betri kwenye bodi, na waya mwekundu ndio bodi yenyewe.

Dawa ni mita ya umeme. Iweke kwenye mlio, yaani pale inapolia nyaya mbili zikiwa zimeungana, pima swichi mpya ukiwa umeishika mkononi kabla haijagusa pikipiki. Nyaya nne zina jozi 6. Pima zote funguo ikiwa imezimwa, kisha zote ikiwa imewashwa, uandike zipi zinalia wapi. Ni kazi ya dakika chache, na inakupa pia nafasi ya kugundua swichi mbovu muuzaji akiwa bado karibu.

“Swichi ndiyo inayopeleka moto kwenye plagi.”

Hii ndiyo inayoua CDI, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya yote.

Pikipiki zenye koili (inayokuza volti za kuwasha plagi) inayolishwa na betri zinafanya hivyo kweli: ukizima, swichi inakata umeme na injini inalala. Lakini pikipiki ndogo nyingi za zamani zinapata moto wa plagi kutoka kwenye magneto, kifaa kinachozalisha umeme injini ikizungushwa, bila kutegemea betri hata kidogo. Kwa hizo, swichi kazi yake ni kinyume kabisa. Funguo ikiwa imezimwa, waya wa kuzimia, ambao kwa Honda na Yamaha nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, unaunganishwa na bodi, na moto unapotelea huko. Ukiwasha, swichi inauachia.

Fundi asiyejua hili anaona waya hauna umeme, anasema “huu umekosa moto”, anaupa volti 12 za betri. CDI inaweza kufa hapo hapo. Mwingine anaukata na kuufunga tepu. Pikipiki itawaka, lakini haitazimika kwa funguo, na mtu yeyote akiikuta imeegeshwa sokoni anaipiga kiki na kuondoka nayo.

Kuna namna rahisi ya kujua. Weka nyutro, chomoa soketi ya swichi, kisha piga kiki. Injini ikiwaka na kuendelea kuunguruma, jua moto wake hautegemei swichi, na inachohitaji ni kuzimwa kwa bodi. Gusisha waya wa kuzimia kwenye chuma cha fremu kisicho na rangi, nayo itazima. Isipowaka, usikimbilie kusema ni ya betri. Inaweza kuwa na tatizo lingine. Fuata waya wa koili uone unakotoka.

“Swichi ya volti 12 haiwezi kukaa kwenye pikipiki ya volti 6.”

Swichi haijali volti hizo. Inachojali ni ukubwa wa mkondo unaopita kwenye miguso yake ya shaba. Taa ya wati 35 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 3. Wati hizo hizo kwenye volti 6 zinavuta karibu 6. Kwa hiyo mwenye volti 6 atafute swichi yenye miguso minene na nyaya nene.

“Ikizima barabarani, swichi imekufa.”

Mara nyingi swichi ni nzima. Waya unaopita shingoni hukunjwa kila unapokata kona, na baada ya miaka mingi nyuzi zake hukatika ndani huku plastiki ya nje ikionekana safi. Washa taa, geuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Taa ikipepesa, tafuta hapo kabla hujatoa hela ya swichi.

Swichi yenyewe ipime ikiwa kazini, taa zikiwaka. Betri ikisoma 12.4 na waya unaotoka kwenye swichi ukisoma 10.9, volti 1.5 zinapotea njiani. Hapo kweli ina kosa, au soketi yake imechafuka.

“Sokota, piga tepu, inatosha.”

Masasi labda itakupa muda. Mikindani au Lindi mjini, pale upepo wa bahari unapoingia kila mahali, haikupi. Chumvi na unyevu vinapenya chini ya tepu, shaba inageuka kijani, kisha nyeusi, na kiungo kinaanza kupata joto. Lehemu kwa risasi, au tumia vibano vinavyobanwa kwa koleo lake, halafu funika kwa mrija wa plastiki unaojikaza ukipashwa moto. Kiungo kisikae kwenye kona ya shingo.

“Fyuzi inasumbua, weka karatasi ya sigara.”

Fyuzi inalinda waya usiungue. Weka ampea ile ile iliyoandikwa kwenye kasha au kitabu cha pikipiki, na inayokatika mara mbili inakuambia kuna shoti.

Kabla ya yote hayo, chomoa betri, ukianza na upande uliofungwa kwenye bodi, ili spana ikigusa fremu isipige cheche. Wakati wa kurudisha, upande huo uwe wa mwisho.