Kibali cha kujenga kibanda kwa muda: hilo neno "muda" lina maana gani?

Nenda Kondele au Kibuye, mjini Kisumu, Kenya, umuulize mwenye kibanda cha chapo (chapati) kama ana kibali. Atavuta kijifuko kilicho chini ya meza akuonyeshe risiti: ya leo, ya jana, za mwezi uliopita. Hasemi uongo, analipa kila siku. Lakini risiti hizo ni za ushuru wa soko. Zinaonyesha kwamba siku hiyo aliuza. Hazisemi lolote kuhusu zile nguzo nne na mabati aliyoyapigilia misumari. Tofauti hiyo hujulikana siku kanjo, yaani askari wa kaunti, wanapofika na lori kubomoa, na kwa kawaida huwa ni alfajiri.

Leseni ya biashara nayo ni karatasi nyingine kabisa. Inakuruhusu kufanya kazi fulani, si kusimamisha kitu.

Kibali cha kujenga kwa muda ni ruhusa ya maandishi ya kuweka kitu mahali panapojulikana, kwa ukubwa unaojulikana, kwa kazi inayojulikana, hadi tarehe fulani. Tarehe ndiyo roho yake. Wengi hudhani neno "muda" linahusu vifaa: mbao na mabati ni vya muda, mawe na saruji ni vya kudumu. Sivyo. Kontena la chuma linaweza kukaa miaka ishirini bila kutu kuliweza, na bado likawa la muda kwa sababu karatasi yake inaisha Desemba. Kibanda cha mabati yaliyooza kilichosimamishwa bila karatasi si cha muda. Ni kibanda kisicho na ruhusa, hata kama kina siku mbili tu.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahesabu kuwa ni uendelezaji kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi, na pia kubadilisha matumizi ya ardhi au ya jengo kwa kiasi kikubwa. Haikutaja ghorofa. Ukiweka kontena la M-Pesa mbele ya nyumba ya kuishi kule mtaa wa Section 58, Nakuru, umegusa yote mawili: umesimamisha kitu, na umegeuza sehemu ya makazi kuwa ya biashara. Anayeendeleza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Mimi sijawahi kusikia mama mboga akitozwa nusu milioni. Adhabu yake yeye ni lile lori.

Wazee bado husema "kibali cha manispaa", ingawa mabaraza ya zamani yaliisha baada ya uchaguzi wa 2013, kaunti zilipochukua kazi ya mipango. "Kanjo" ni jina lililobaki kutoka enzi za kaunsili. Kisumu ni jiji, na Nakuru ilipewa hati ya jiji Desemba 2021, lakini ombi la kujenga kisheria hupelekwa kwa waziri wa kaunti anayeshughulikia mipango, kupitia maafisa wake.

Kabla ya kuandika ombi lolote, uliza ardhi ni ya nani. Hapa ndipo watu wengi huangukia, kwa sababu kaunti haiwezi kukupa ruhusa ya kukalia ardhi ambayo si yake. Ule ukanda wa nyasi kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret, pale inapopita Nakuru, ni hifadhi ya barabara, na msimamizi wake ni KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Kisumu ina tatizo lake la zamani zaidi. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, mji ukakua kuizunguka, na hadi leo unaweza kuwa katikati ya mji, mbali na treni yoyote, na bado ukawa umesimama kwenye ardhi ya Shirika la Reli. Afisa wa wadi anaweza kukuambia "weka tu, hakuna shida", na kwa upande wake akawa hana shida kweli. Mwenye ardhi hajaulizwa.

Ardhi ya umma ambayo haijagawiwa mtu ina njia yake: Sheria ya Ardhi ya 2012 inairuhusu Tume ya Taifa ya Ardhi kutoa leseni ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka mitano. Ploti ya mtu binafsi ndiyo rahisi, lakini idhini ya mdomo ya landilodi ni maneno tu. Mwombe aandike na kutia sahihi.

Ombi lenyewe halina miujiza. Mchoro unaoonyesha kibanda kiko umbali gani na barabara na mtaro, vipimo, vifaa, kazi yake, na kipindi unachoomba. Mtaro usiuchukulie kwa wepesi: mvua ya Kisumu ikikuta kibanda juu ya mfereji, maji huingia kwa jirani, na jirani ndiye atakayekushtaki. Anayepika atatakiwa pia vyeti vya afya. Sheria inasema asiyejibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 atachukuliwa kuwa ameruhusiwa, kwa hiyo pata nakala ya ombi iliyogongwa muhuri wa siku ulipolipokeza. Bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uratibu ya mipango ya kaunti, na Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Na tenti? Hakuna anayeomba kibali cha tenti ya matanga bomani kwa marehemu. Lakini tenti hiyo hiyo ukiitandaza ukafunga barabara ya mtaa, au ukaipeleka kwenye uwanja wa kaunti kwa mkutano wa injili wa siku tano, umechukua nafasi ya watu wote, na nafasi hiyo ina mwenyewe wa kuulizwa. Spika nazo zina ruhusa yake, kwa kanuni za kelele za mwaka 2009.

Jambo moja zaidi, kwa anayetaka kununua kibanda kilicho tayari. Utaambiwa bei inajumuisha "nafasi". Uliza karatasi, kisha usome jina lililo juu yake na tarehe iliyo chini. Kibali ni cha mtu aliyepewa. Akikuuzia bila kaunti kuandika jina lako, umenunua mabati, mbao, na pengine kufuli.