"Fundi Ataitengeneza" na Dhana Nyingine za Wanunuzi wa Mitumba

Mteja anatoka soko la mitumba la Gikomba au Toi, hapa Nairobi, uso umeng'aa, anamwaga mfuko juu ya meza yangu. "Fundi, nimelipata kwa mia mbili! Utalipunguza tu, si ndiyo?" Koti lenyewe mabega yake yanamtosha mlinzi wa benki, na mteja ni binti mwembamba. Nimechoka kulijibu swali hili mmoja mmoja, basi nalijibu hapa kwa wote.

Si kila nguo hutengenezeka. Wanaoniletea shida hii zaidi ni wapenzi wa mtindo wa kuchanganya: koti la kiume la zamani juu ya gauni la maua, sketi ya kitenge na jezi ya timu ambayo mvaaji haijui. Mtindo huo naupenda mno, ila ndio usiosamehe vipimo. Suti huja imeshakatwa ili vipande vyake vipatane. Ukivaa nguo za enzi tatu kutoka nchi tatu, kinachozipatanisha ni mwili wako peke yake. Nguo pana iliyokusudiwa huonekana imekusudiwa. Ile ya kubahatisha, watu huuliza umeazima wapi.

Kubana kiuno, kupanda pindo na kupunguza miguu ya suruali ni kazi nyepesi. Kuongeza ni habari nyingine, kwa sababu natumia kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono tu. Igeuze nguo ndani nje kabla hujatoa pesa. Suruali nzuri za kiume huwa na akiba kwenye mshono wa nyuma; blauzi nyingi zilizopigwa ovaloki (mshono wa kuzuia kingo zisifumuke) zimekatwa karibu na uzi, hapo sina cha kuachia. Ukitaka nishushe pindo la jinzi kuukuu, ujue mstari wa mkunjo wa zamani utabaki unaonekana.

Mabega ya koti lenye bitana ndiyo balaa. Lazima nifungue mikono, nitoe pedi, nikate upya, nirudishe kila kitu, na malipo ya kazi hiyo yanaweza kulizidi koti lenyewe mara kadhaa. Urefu nao una mpaka: nikilikata sana, mifuko inakaa pindoni. Kwa hiyo chukua koti lako linalokukaa vizuri, pima mshono wa bega hadi wa pili, andika kwenye simu, na utembee na futi. Kwenye vibanda vingi hakuna chumba cha kujaribia, na mwenye mali hana subira.

Mengine ni mafupi. Kuzungusha kiuno cha suruali shingoni ili kujua kama itakutosha hakukuambii lolote kuhusu nyonga, mapaja wala urefu wa kitako, na hapo ndipo suruali nyingi hukwama.

"Mimi ni saizi 12." Ya wapi? 12 ya Uingereza hukaribia 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na kila kampuni ina vipimo vyake. Lebo isome kwa ajili ya kitambaa: pamba, sufu, kitani.

"Bila kamera hupati kitu." Kamera ni chaguo la kwanza kutoka kwenye robota, safi kweli, lakini muuzaji amechagua kitakachouzika haraka, yaani kile ambacho kila mtu anakitaka. Shati la ukosi wa ajabu hubaki kwenye rundo la bei ya chini. Fagia, yaani mabaki ya mwisho, siitetei; doa la kwapa lililozeeka mara nyingi halitoki.

Wengine wanadhani kuchanganya ni kuvaa vituko vyote siku moja. Kipande kimoja cha kelele kinatosha. Chukua rangi moja iliyo ndani yake uirudie mahali pengine, kwenye soksi au kilemba, vingine vitulie. Na dada zangu, msipite meza za wanaume. Ukiacha mkato, tofauti ya shati ni upande wa vifungo, na hakuna anayeukagua.

Kuhusu harufu, msichemshe kila kitu. Sufu ikipata maji moto na kusuguliwa husinyaa, na hakuna fundi wa kuirudisha. Ioshe kwa maji baridi na sabuni laini, usiikamue, ilaze juu ya taulo mahali penye upepo. Ikiwa bado inanuka, iache nje kivulini siku nyingine.