Shaba ya Sorokina na Vislova haikuokotwa

Ukiwataja Valeria Sorokina na Nina Vislova mbele ya watu wanaofuatilia mpira wa vinyoya, yaani badminton, hakosi atakayedakia: "Si wale Warusi waliookota medali kule London?" Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na bado inaniuma. Wanaoisema wanakumbuka kashfa tu, mechi hawazikumbuki.

Sorokina alizaliwa mwaka 1984 mjini Nizhny Novgorod, Vislova mwaka 1986 mjini Moscow. Shaba waliyoipata London 2012 katika wanawake wawili wawili ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Urusi katika mchezo huu. Imezungukwa na maneno mengi, basi tuyachambue.

"Ni ushindi wa mezani"

Mezani walipata kitu kimoja: kurudishwa mashindanoni. Kufikia Julai 31, 2012, hatua ya makundi ilipofungwa katika ukumbi wa Wembley Arena, Warusi walikuwa wa tatu Kundi A, na zilizokuwa zinapita ni jozi mbili za juu. Safari yao ilikuwa imekwisha. Kesho yake Shirikisho la Badminton Duniani likaziengua jozi nne kwa kucheza ili zifungwe: moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia. Mbili kati ya hizo zilitoka Kundi A, mbili Kundi C. Nafasi zao zikachukuliwa na waliokuwa wa tatu na wa nne katika makundi hayo, na robo fainali zilikuwa jioni ileile ya Agosti 1.

Hebu fikiria hali yao. Asubuhi umeamka ukijua umeshatolewa, jioni unaitwa uwanjani kucheza robo fainali ya Olimpiki. Hakuna aliyewapa pointi hata moja ya kuanzia. Waliwafunga Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini, nao wakiwa wamerudishwa vilevile, kwa 21-9 na 21-7.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wasemaji wengi hawalijui, nami naliona ndilo kiini cha habari yote. Jozi za Kundi A zilikuwa zinakimbia nini hata zikacheza vile? Julai 31 hiyohiyo Wachina Tian Qing na Zhao Yunlei walikuwa wamefungwa na Wadenmark Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl, wakaangukia nafasi ya pili Kundi D. Kwa mpangilio wa droo, mshindi wa Kundi A alikuwa akikutana nao nusu fainali. Wang Xiaoli na Yu Yang, Wachina wenzao, hawakutaka kukutana nao kabla ya fainali. Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea nao hawakuitaka njia hiyo. Kila upande ukawa unagombania kufungwa, mwisho Wakorea ndio wakashinda.

Walipoenguliwa, nafasi ile ya kwanza ya Kundi A walirithishwa akina nani? Sorokina na Vislova. Njia iliyokimbiwa na waliokuwa juu yao wote wawili, wao wakaipita. Nusu fainali wakasimama mbele ya Tian na Zhao, na seti ya kwanza wakaipoteza kwa 21-19 tu. Ya pili walizidiwa, 21-6, na Wachina wale wakaenda kutwaa dhahabu. Agosti 4 Warusi wakacheza na Alex Bruce na Michelle Li wa Kanada kutafuta mshindi wa tatu, wakashinda 21-9, 21-10. Kwenye kundi pia Warusi walikuwa wameshawafunga Wakanada hao.

Je, bila jozi zile kuenguliwa wangepata shaba? Wasingepata, na hilo sina sababu ya kulificha. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kufunguliwa mlango na kubebwa hadi ndani.

"Walioenguliwa walikula hongo"

Hili nalo limeenea, pengine kwa sababu mtu akisikia "mechi ya kupanga" mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye fedha na kamari. Kosa walilosomewa halikuhusu fedha. Walishitakiwa kwa kutotumia uwezo wao wote kushinda na kwa mwenendo unaouaibisha mchezo. Walichokuwa wanakitafuta ni njia nyepesi kwenye droo.

Uwanjani ilionekana wazi kwa kila mtu. Mchezaji wa kiwango cha dunia, aliyerudia pigo la kuanzisha maelfu ya mara, anaupeleka mpira kwenye neti. Mwenzake wa upande wa pili anajibu kwa kuutoa nje. Katika seti ya kwanza ya mechi ya Wachina na Wakorea, mpigano mrefu kuliko yote, yaani kurudishiana mpira hadi pointi ipatikane, ulikuwa wa mipigo minne. Mashabiki wakazomea, mwamuzi mkuu akaingia uwanjani kuwaonya. Katika mechi iliyofuata, ya Korea na Indonesia, kadi nyeusi, ile ya kumwondoa mchezaji mashindanoni, ilitolewa kabisa kisha ikarudishwa mfukoni.

Lawama nyingine, na mimi nimo miongoni mwa wanaoitoa, iliangukia utaratibu wenyewe. London ndipo hatua ya makundi ilipoanza kutumika kwenye wawili wawili katika Olimpiki, na njia ya kila nafasi ilijulikana mapema. Baadaye shirikisho likabadilisha: jozi zinazomaliza za pili huingizwa kwenye droo mpya baada ya makundi kwisha, hivyo hakuna anayeweza kupiga hesabu ya kufungwa.

Wala adhabu ile haikuwazika wachezaji. Greysia Polii wa Indonesia, mmoja wa wanane wale, alishinda dhahabu mjini Tokyo mwaka 2021 akiwa na Apriyani Rahayu. Jung Kyung-eun alipata shaba Rio 2016.

"Wawili wawili ni kazi nusu, uwanja mnagawana"

Hapa nawaomba wanaosema hivi washike raketi jioni moja tu. Uwanja hamgawani kama shamba. Kwanza unapanuka: wa mmoja mmoja una upana wa mita 5.18, wa wawili wawili mita 6.10. Pili, nafasi zenu hazitulii. Mnaposhambulia, mmoja yuko mbele karibu na neti na mwingine nyuma yake. Mpira ukiinuliwa juu kwenda kwa wapinzani, papo hapo mnatakiwa msimame ubavu kwa ubavu kuzuia smashi, yaani pigo kali la kushuka. Mabadiliko hayo hutokea mara kadhaa ndani ya mpigano mmoja, na muda wa kuitana haupo.

Tazama pigo la kuanzisha peke yake. Mwanzishaji anakishika kinyoya kwa ncha za vidole, manyoya 16 ya bata yaliyopachikwa kwenye kofia ya gome, uzito usiofika gramu 6. Anakisukuma tu, hakipigi kwa nguvu. Kinatakiwa kipite juu ya neti kwa kiasi cha kidole au viwili na kudondokea nyuma kidogo ya mstari mfupi, ulio mita 1.98 kutoka kwenye neti. Kikipanda zaidi ya hapo, mpokeaji aliyekwisha kuinama mbele, raketi juu, anakiua. Kuanzisha kwa mpira mrefu nako kuna mpaka, maana mstari wa nyuma wa kuanzishia umesogezwa ndani sentimita 76. Tangu mfumo wa pointi 21 uingie mwaka 2006, kila kosa la aina hiyo ni pointi ya mpinzani moja kwa moja.

Kwa wanawake mipigano huwa mirefu ajabu, kwa kuwa smashi moja mara chache humaliza kazi. Unasmashi, inarudi, unasmashi tena, inarudi, na mwenzako mbele yako anavizia jibu moja dhaifu. Akikosa subira, mmekwisha wote wawili. Sorokina na Vislova walikuwa wamejengeana uelewano huo miaka kadhaa kabla ya London.

"Warusi walitokea hewani"

Mwaka 2010 mjini Manchester, Sorokina na Vislova walitwaa ubingwa wa Ulaya. Anayesema walizuka London basi alikuwa haangalii Ulaya, na nadhani tatizo ni kwamba wengi wetu tumezoea kuuona mchezo huu kama mali ya China, Indonesia, Malaysia na Korea.

Miaka minne baada ya London, Warusi wengine wawili, Vladimir Ivanov na Ivan Sozonov, waliingia fainali ya wanaume wawili wawili ya All England, mashindano yaliyoanza mwaka 1899 na ambayo kabla yao hakuna Mrusi aliyekuwa amewahi kuyashinda. Seti ya kwanza walipoteza 21-23 kwa Wajapani Hiroyuki Endo na Kenichi Hayakawa. Mbili zilizobaki walizichukua kwa 21-18 na 21-16.