Vita au uasi? Namna ya kubishana kwenye Wikipedia ya Kiswahili

Jumamosi moja, katika mafunzo ya uhariri hapa Mtwara, niliwakalisha meza moja mwalimu mstaafu wa historia na kijana anayesoma chuo. Nilikuwa nimewapa kazi ndogo, kuandika rasimu ya aya tatu kuhusu Maji Maji, mapambano ya watu wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Nikawaacha, nikaenda kuwasaidia wengine. Niliporudi nikakuta hawasemeshani. Nilifungua historia ya ukurasa, yaani orodha ya mabadiliko yake yote, nikaona wametenguana mara kumi na moja kabla hata saa moja haijaisha. Mwalimu anaandika kwamba walikufa watu 300,000. Kijana anafuta, anaweka 75,000. Mwalimu anarudisha yake. Kijana anafuta tena, na safari hii kwenye kisanduku cha muhtasari ameandika neno moja tu: "Uongo."

Mimi ni mkutubi, na miaka yote nimekuwa nikimuuliza msomaji swali lilelile, nikawauliza na wao: namba hii umeitoa wapi? Kijana alikuwa ameisoma kwenye simu, kwamba serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000. Mwalimu kwa miaka mingi alikuwa amefundisha takwimu inayotokana na kazi ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Hakukuwa na mwongo pale mezani. Kila mmoja alikuwa na chanzo chake, ila alikuwa amebaki nacho kichwani.

Wanaohariri huita hali hiyo vita vya uhariri. Nimeiona mara nyingi, na karibu kila mara huanza hivyo, watu wawili wanaojua jambo, kila mmoja akidhani mwenzake analiharibu. Ni vizuri kuitofautisha na uharibifu wa makusudi. Mtu akifuta ukurasa mzima akaandika matusi, huyo ni mharibifu, mtengue mara moja bila mjadala. Lakini aliyebadilisha namba yako akaweka nyingine siyo mharibifu mpaka ithibitike hivyo. Kanuni ya kwanza ya adabu katika kamusi elezo hii ni kumdhania mwenzako wema.

Tangu Wikipedia ilipoanzishwa mwaka 2001, msingi wake umekuwa kuandika bila kuegemea upande. Wengi huelewa vibaya hapo. Wikipedia haina jopo la wanahistoria linalokaa kuamua watu wangapi walikufa Umatumbi na Ungoni. Inachofanya ni kueleza nani amesema nini, wapi na lini. Kwa hiyo sentensi ya wale wawili, baada ya chai, ikawa hivi: "Serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilikadiria vifo 75,000, mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi walikufa kwa njaa iliyofuata baada ya wanajeshi kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula." Chanzo kikawekwa baada ya kila dai. Mabishano ya saa nzima yalikwisha kwa kuongeza majina ya waliosema.

Hata hivyo, kutoegemea upande hakumaanishi kugawa nusu kwa nusu kama watu wanaogawana muhogo. Madai hupewa nafasi kulingana na uzito wa vyanzo vyake. Mtu akija na andiko la mtandaoni lisilo na mwandishi wala tarehe, likidai Maji Maji haikuua mtu, halipati sentensi yake pembeni ya Gwassa kwa sababu tu "kuna pande mbili". Hilo linaondolewa, na sababu inaandikwa.

Wale wawili walipomaliza namba wakahamia kwenye jina, na hapo mjadala ulikuwa mtamu zaidi. Kijana alikuwa ameandika "uasi wa Maji Maji". Mwalimu akamuuliza, mwanangu, aliyeasi anaasi nani? Gavana Gustav Adolf von Götzen alipochapisha kitabu chake mwaka 1909 aliita mambo yale uasi, na kwa nafasi yake huwezi kutarajia aite vinginevyo. Mtu wa kijiji cha Nandete, Umatumbi, aliyeng'oa pamba ya kulazimishwa mwaka 1905 hakujiona anamwasi mtawala wake halali. Kijana naye akajibu vizuri: maandishi mengi ya Kiingereza yanatumia neno hilohilo, naye alikuwa anatafsiri tu. Nadhani hapo ndipo sisi wahariri wa Kiswahili tunapojikwaa mara nyingi. Tunatafsiri neno, na pamoja na neno tunabeba jicho la aliyeliandika.

Mimi napendelea "vita", wala sifichi. Lakini mapendeleo yangu hayana nguvu yoyote kwenye ukurasa wa majadiliano. Hoja yenye nguvu ni kwamba vitabu vya Kiswahili na shule zetu zinasema Vita vya Maji Maji, na msomaji wa Kiswahili atatafuta kwa jina hilo. Kwa hiyo jina la makala likawa hilo, na ndani yake ikaelezwa kwamba watawala wa Kijerumani waliita uasi.

Kuna jambo gumu kuliko yote hayo, na huku kusini linatuumiza hasa. Mama mmoja kutoka Liwale aliwahi kuniambia katika mafunzo: babu yangu alinisimulia mwenyewe, na huyu mtu asiyejua hata Liwale iko wapi ananiwekea alama ya "chanzo kinahitajika". Nilimwelewa. Kanuni inasema mhariri asiweke utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa popote, na simulizi ya babu iliyoko kichwani inaangukia humo. Si kwamba babu hasadikiki, ila msomaji aliyeko Bukoba au Mombasa hana njia ya kwenda kuhakiki.

Njia ipo, ila ni ndefu kidogo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, walikwenda vijijini kurekodi kumbukumbu za wazee kuhusu Maji Maji. Kabla ya hapo, simulizi zile zilikuwa za barazani tu. Baada ya kuandikwa na kuhifadhiwa, zikawa vyanzo ambavyo mwanahistoria yeyote anaweza kuvitaja. Nilimshauri mama yule asipoteze nguvu kupigana na ile alama. Amrekodi mjomba wake aliye hai, ampelekee mwandishi wa habari, mtafiti wa chuo au mhifadhi wa makumbusho, itoke mahali. Ikishatoka, sentensi yake itasimama.

Wakati mwingine ugomvi uko kwenye kitenzi kimoja. Chukua Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, kulikotoka mifupa ya dinosaria mkubwa anayesimama leo katika makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Maandishi mengi yanasema mhandisi Mjerumani Bernhard Wilhelm Sattler "aligundua" mifupa hiyo mwaka 1906. Mhariri kutoka Lindi anakuja, anafuta, anaandika kwamba wenyeji ndio waliogundua. Mwingine anarudisha. Wote wanaweza kuelewana wakiliacha neno "kugundua" na kuandika kilichotokea: Sattler alitoa taarifa ya mifupa hiyo mwaka 1906, msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba kuanzia 1909 hadi 1913, kazi ya jembe na ya kubeba mizigo hadi bandari ya Lindi ilifanywa na mamia ya Waafrika, na msimamizi wao Boheti bin Amrani anatajwa kwa jina katika maandishi ya Wajerumani wenyewe. Ukijaza ukweli wa kutosha, kitenzi kinachogombaniwa mara nyingi hakihitajiki tena. Hata jina la kisayansi la mnyama yule limebadilika: Werner Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Ukikuta majina mawili kwenye makala mbili, usikimbilie kufuta, tazama kwanza mwaka wa chanzo.

Mwaka unamaliza ugomvi mwingi. Kitabu cha miaka ya 1960 kitakuambia Nachingwea iko Mkoa wa Mtwara, na kinasema kweli, kwa sababu Mkoa wa Lindi ulianzishwa mwaka 1971. Idadi ya watu ni hivyohivyo: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,270,854 mkoani Mtwara, kisha ya 2022 ikahesabu 1,634,947. Andika mwaka pamoja na namba. Mto wetu upande huu unaitwa Ruvuma, ng'ambo Msumbiji ni Rovuma. Chagua lililozoeleka kwa Kiswahili, lingine lieleze. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waligombana muda mrefu kama mji mmoja wa Poland uitwe Gdańsk au Danzig, na mwaka 2005 wakapatana kwamba jina lifuate kipindi kinachozungumziwa.

Sasa namna ya kufanya. Ukiona ulichoandika kimefutwa, usibonyeze "tengua" palepale. Bonyeza "Fungua historia", soma aliyefuta ameandika sababu gani. Kisha nenda kwenye "Majadiliano", juu ya ukurasa uleule, ueleze hoja yako na chanzo chako, umalize kwa alama ya kiwimbi mara nne (~~~~) ili jina lako na saa vijiandike vyenyewe. Andika kuhusu sentensi, usiandike kuhusu mtu. "Nimeondoa sentensi ya pili kwa sababu sikuona chanzo, ukiwa nacho kiweke hapa, nitairudisha mwenyewe" ni maneno yanayojibika. "Wewe hujui historia" hayajibiki.

Nilimuuliza yule kijana baadaye kwa nini hakumwambia mwalimu ana kwa ana kwamba hakubaliani naye. Akasema: ningemwambiaje, ni mtu mzima. Jibu hilo limebaki na mimi. Tumelelewa kutombishia mkubwa mbele za watu, na ni malezi mema. Lakini heshima inayokuzuia kusema halafu ikakuruhusu kufuta kimyakimya si heshima tena. Ukurasa wa majadiliano unakupa nafasi ya kuamkia, kueleza na kungoja. Mtandaoni hata hujui umri wa mwenzako, kwa hiyo mwandikie kila mmoja kama ambavyo ungemwandikia mwalimu wako. Na mkubwa naye akubali kuulizwa chanzo, kwani kuulizwa chanzo si kuvunjiwa heshima.

Ngojeni siku kadhaa. Watu wana kazi, umeme unakatika, bando linaisha. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni kwamba anayetengua zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa. Kwetu wahariri ni wachache mno, na mimi ningesema mara moja inatosha. Ya pili tayari ni dalili kwamba maneno yanahitajika.

Mkishindwana, mwombeni mhariri wa tatu asiyehusika asome hoja zenu. Msipige kura, kinachotafutwa ni maridhiano yanayotokana na hoja, na watu ishirini wasio na chanzo hawamshindi mmoja aliye nacho. Ndiyo maana kuita wenzako kwenye kundi la WhatsApp waje "kutusaidia kurudisha" ni kosa, na kufungua akaunti ya pili ili ujiunge mkono ni kosa kubwa zaidi. Wakabidhi, yaani wahariri waliopewa mamlaka ya kusimamia, wanaweza kufunga ukurasa kwa muda au kumzuia anayekaidi. Wakiufunga huku toleo la mwenzako ndilo lililo juu, hawajasema yeye ana haki. Wamesimamisha ngumi tu ili mzungumze.

Makala za watu walio hai zina ukali wake: tuhuma isiyo na chanzo cha kuaminika huondolewa mara moja, bila kungoja mjadala, maana kuna mtu na familia yake nyuma ya jina. Na kama unafanya kazi katika ofisi inayoandikwa, usiihariri makala hiyo kimyakimya ili ipendeze. Jitambulishe kwenye majadiliano kwamba unatoka humo, pendekeza marekebisho pamoja na chanzo, mwachie mwingine ayaweke.

Nasisitiza haya yote kwa sababu ya hali yetu. Fungua makala ya kata nyingi za Lindi na Mtwara utakuta mistari miwili na lile tangazo kwamba makala bado ni mbegu, yaani ni fupi mno na inangoja kukuzwa. Mhariri mmoja wa Newala au Ruangwa akiondoka kwa hasira, hakuna wa kushika nafasi yake kesho yake.

Rasimu ya wale wawili ilikamilika saa kumi jioni. Kwenye majadiliano limebaki swali moja la kijana, kama Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyovipa vita hivyo jina, atajwe katika aya ya kwanza au ya pili. Chini yake mwalimu ameandika: "Nipe hadi Jumatatu, kitabu kiko nyumbani Mikindani."